Ua la Mwenzako

 

Sisi Wakatoliki tunapokwenda kanisani siku ya Dominika, hatumwulizi padre leo amechagua kuhubiri juu ya nini. Masomo yamekwisha kupangwa. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Hati yake juu ya Liturujia Takatifu iliyotangazwa tarehe 4 Desemba 1963, uliagiza kwamba hazina za Biblia zifunguliwe kwa wingi zaidi mbele ya waamini. Kutokana na agizo hilo kilipatikana kitabu kipya cha masomo, kilichoanza kutumika Dominika ya kwanza ya Majilio ya mwaka 1969. Mwaka A tunaongozwa na Matayo, mwaka B na Marko, mwaka C na Luka; Yohane naye hutujia hasa wakati wa Kwaresima na Pasaka. Hivyo kigango chenye paa la nyasi na kanisa kuu la mjini husikia Injili ileile siku ileile.

Lakini wako watu wanaokusanyika kila Jumapili bila kitabu cha namna hiyo. Hawana kanuni ya imani inayowafunga wote. Katika benchi moja huketi mtu anayesali kwa Mungu, na karibu yake mtu asiye na hakika kama Mungu yupo. Je, watu wa namna hiyo hukusanyika kuadhimisha nini? Leo napenda tuitazame historia ya jumuiya moja ya aina hiyo, na ya ibada moja iliyozaliwa ndani yake, kwa maana historia hiyo inatugusa sisi Wakatoliki kuliko tunavyodhani.

Jumuiya hiyo ni ya Waunitariani. Tangu asili yao hao ni Wakristo waliokiri kwamba Mungu ni nafsi moja tu, wakalikataa fundisho la Utatu Mtakatifu. Hapa sina budi kusema wazi kwamba imani yetu si hiyo. Sisi tulibatizwa katika jina la Nafsi tatu, na kila sala yetu huanza kwa ishara yake. Lakini mtu anayesimama imara katika nyumba yake haogopi kuchungulia dirishani kuona jirani anaishije.

Mwanzo wao mmojawapo ulikuwa Transylvania, nchi ambayo leo ni sehemu ya Romania. Mwezi Januari 1568 bunge lililokutana katika mji wa Torda liliamua kwamba wahubiri waihubiri Injili kila mmoja kadiri anavyoielewa, na kwamba mtu asiteswe kwa ajili ya imani, kwa kuwa imani ni zawadi ya Mungu. Uhuru huo ulikuwa na mipaka yake, wala haukuwafikia watu wote wa nchi ile kwa usawa. Hata hivyo, katika Ulaya ya wakati ule lilikuwa jambo la ajabu. Mhubiri wao mkuu alikuwa Ferenc Dávid, mtu ambaye katika maisha yake alipita Ukatoliki, Ulutheri na Ukalvini. Mwaka 1579 alifia gerezani katika ngome ya Déva, chini ya mtawala aliyekuwa Mkatoliki. Kanisa letu lilitangaza kwa sauti ya Mtaguso haki ya kila mtu kutolazimishwa katika mambo ya dini tarehe 7 Desemba 1965, karibu miaka mia nne baada ya bunge lile la Torda. Ukweli haupotezi heshima yake kwa sababu umechelewa kusemwa. Wanaopoteza ni wale walioungoja gerezani.

Sasa twende Prague, katika nchi ya Wacheki. Mwaka 1870 alizaliwa huko Bohemia mtoto aliyeitwa Norbert Čapek. Alibatizwa Mkatoliki, na katika utoto wake alitumikia altareni. Lakini mambo aliyoyaona kwa watu wa Kanisa yalimvunja moyo, na alipofikia umri wa miaka 18 akaenda kwa Wabaptisti. Kwao alikuwa mchungaji, mwanzilishi wa makanisa na mhariri wa magazeti. Mwaka 1914, alipoanza kutazamwa kwa jicho baya na watawala wa Austria kwa sababu ya maandishi yake, alikimbilia Marekani. Huko aliachana na Wabaptisti, akajiunga na Waunitariani, na mwaka 1921 akarudi nyumbani pamoja na mkewe Mája.

Nchi aliyoikuta haikuwa ile aliyoiacha. Dola ya Austria ilikuwa imeanguka mwaka 1918, na Chekoslovakia ilikuwa taifa huru. Kwa Wacheki wengi Kanisa Katoliki lilionekana kuwa rafiki wa kiti cha enzi kilichowatawala. Tarehe 3 Novemba 1918, siku chache tu baada ya uhuru, umati wa watu uliiangusha nguzo ya Bikira Maria iliyosimama katikati ya Prague. Mwezi Januari 1920 baadhi ya mapadre wenyewe walianzisha Kanisa la kitaifa lililojitenga na Roma. Katika miaka ile michache zaidi ya watu milioni moja walituacha. Wasikilizaji wapendwa, watu milioni moja hawatoki nyumbani kwa sababu ya upepo. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Wengi katika jumuiya aliyoianzisha Čapek mjini Prague walikuwa watu wa namna hiyo: Wakatoliki wa zamani, wenye kiu ya Mungu lakini wenye jeraha. Ibada zao zilikuwa kavu, nyimbo na hotuba, bila mavazi ya ibada wala ishara nyingi. Baada ya muda Čapek alitambua kwamba moyo wa binadamu hauishi kwa hotuba peke yake. Watu wanahitaji kufanya jambo pamoja, kwa mikono yao. Lakini wafanye nini? Mkate na divai viliwakumbusha Kanisa walilolikimbia. Tena katika nchi ile kikombe kina historia ya damu. Padre Jan Hus alichomwa moto huko Konstanz tarehe 6 Julai 1415, na wafuasi wake waliokuja kudai kwamba walei nao wanywe katika kikombe walipigana vita virefu kwa ajili ya dai hilo. Mtakatifu Yohane Paulo II, mwezi Desemba 1999, alieleza masikitiko yake makubwa kwa kifo kile cha kikatili. Mwaka 1923 maneno hayo yalikuwa bado hayajasemwa.

Basi, mwezi Juni 1923, Čapek aliwaomba waamini wake waje kila mmoja na ua moja. Liwe limechumwa bustanini au limeokotwa kando ya njia, hilo halikujalisha. Walipofika, kila mtu aliliweka ua lake kwa hiari yake mwenyewe katika chombo kimoja kikubwa pamoja na maua ya wengine. Maua yakaombewa baraka. Na mwisho wa ibada kila mtu alichukua ua na kwenda nalo nyumbani, lakini si lile alilolileta. Alichukua ua la mwenzake, bila kuuliza lililetwa na tajiri au na kibarua, na mtu wa msimamo huu au ule.

Mada ya ibada ile ilikuwa hiyo, wala haikuhitaji maelezo mengi. Hakuna maua mawili yanayofanana kabisa, wala hakuna ua linalolaumiwa kwa kutofanana na jingine. Bwana wetu mwenyewe aliwaelekeza wanafunzi wake kwenye maua ya kondeni, akawaambia kwamba Sulemani katika fahari yake yote hakuyafikia (Mt 6:28-29).

Ni rahisi kulidharau jambo hilo na kusema kwamba ni mchezo wa watoto. Lakini ibada hupimwa kwa yale inayowaandaa watu kuyakabili. Tarehe 15 Machi 1939 majeshi ya Ujerumani ya Hitler yaliingia Prague. Fundisho la watawala wapya lilikuwa kinyume kabisa cha chombo kile cha maua: kwao wako watu wa thamani na wako watu wa kung'olewa kama magugu. Čapek, aliyekuwa mzee wa karibu miaka sabini, hakukimbia. Mwezi Machi 1941 polisi wa siri walimkamata pamoja na binti yake Zora. Mojawapo ya makosa waliyoshitakiwa ni kusikiliza redio za nchi za nje. Ninyi mnaonisikiliza sasa hivi bila kufunga dirisha, mjue kwamba palikuwa na wakati ambapo kitendo hicho kilimpeleka mtu gerezani. Gerezani Čapek aliendelea kutunga nyimbo za sifa. Mwaka 1942 alipelekwa katika kambi ya mateso ya Dachau, na mwezi Oktoba mwaka huohuo akauawa kwa gesi katika ngome ya Hartheim huko Austria, mahali ambapo kabla yake walikwisha kuuawa maelfu ya watu wenye ulemavu. Alikuwa na umri wa miaka 72.

Mkewe Mája alikuwa amekwenda Marekani mwaka 1939 kutafuta misaada kwa ajili ya wakimbizi, na vita vikamzuia kurudi. Mwaka 1940, huko Cambridge katika jimbo la Massachusetts, aliwafundisha Waunitariani wa Marekani ibada ya maua ya mume wake. Habari za hakika za kifo chake alizipata baada ya vita kwisha. Tangu wakati ule ibada hiyo imeenea, na hadi leo jumuiya nyingi za Kiunitariani huiadhimisha kila mwaka, mara nyingi mwezi wa Mei au Juni.

Jambo jingine la kushangaza lilitokea katika miaka ileile ya vita. Kamati ya Waunitariani iliyowasaidia wakimbizi ilikuwa na ofisi huko Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Mwaka 1941 mchoraji mkimbizi kutoka Austria, Hans Deutsch, aliichorea kamati hiyo alama ya kuweka kwenye hati zake, na alama hiyo ilikuwa kikombe chenye mwali wa moto. Leo jumuiya nyingi za Kiunitariani huanza ibada kwa kuwasha moto katika kikombe. Kikombe kilichowekwa kando Prague kwa sababu ya uchungu kilirudi Lisbon kwa sababu ya huruma.

Mwaka 1961 Waunitariani wa Marekani waliungana na Waunivesalisti, yaani wale waliofundisha kwamba mwishowe Mungu atawaokoa watu wote. Kwa kuwa hawana kitabu cha masomo, kila jumuiya hujipangia mada zake, mchungaji akisaidiana na kamati ya walei. Mwezi wa Septemba, wanaporudi kutoka likizo ya kiangazi, wengi hufanya ibada ya maji: kila mtu huleta maji kidogo ya mahali alikokuwa, yakamiminwa katika bakuli moja. Ibada hiyo ilianzishwa na wanawake wawili, Carolyn McDade na Lucile Longview, mwaka 1980 katika jimbo la Michigan. Novemba huwa na mada ya shukrani. Januari hukumbuka Martin Luther King na haki ya watu weusi. Aprili hutafakari juu ya dunia na viumbe vyake. Kisha huja maua.

Wapendwa katika Kristo, sasa tupime. Kwanza, tusione aibu kwa kitabu chetu cha masomo. Anayejichagulia mada mwenyewe yumo katika hatari ya kuchagua tu yale yanayompendeza. Kitabu hutulazimisha kusikia maneno ambayo tusingeyachagua kamwe: juu ya tajiri na Lazaro mlangoni pake, juu ya kumsamehe ndugu sabini mara saba, juu ya msalaba. Wala Ekaristi Takatifu kwetu si ishara ambayo tungeweza kuibadilisha kwa ua au maji. Ni Mwili na Damu ya Bwana; hatukuibuni sisi, tuliipokea.

Pili, lakini, tujiulize kama tunayoyapokea yanatugeuza. Mtakatifu Yustino, shahidi wa karne ya pili, alieleza jinsi Wakristo wa Roma walivyoadhimisha Dominika. Baada ya masomo, mahubiri na Ekaristi, wenye uwezo walitoa kwa hiari, na kilichokusanywa kiliwafikia yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Na mashemasi waliwapelekea Ekaristi wale wasioweza kufika. Tazameni basi: chombo kile kikubwa cha Prague sisi tulikuwa nacho tangu mwanzo. Kinaitwa matoleo. Mtu alileta chake, na mwenzake akaenda nyumbani nacho. Kama mtumishi mdogo wa altare kule Bohemia angaliyaona hayo kwa macho yake, ni nani ajuaye historia hii ingalikwendaje?

Tatu, tukumbuke kwamba siku inakuja ambapo mada ya ibada huacha kuwa maneno. Katika kambi ileile ya Dachau walifungwa makleri zaidi ya 2,700, walio wengi sana wakiwa Wakatoliki. Tarehe 17 Desemba 1944 shemasi mgonjwa wa kifua kikuu, Karl Leisner, alipewa upadre humo kwa siri na Askofu Gabriel Piguet wa Ufaransa, mfungwa mwenzake, ilhali nchi zao mbili zilikuwa vitani. Wachungaji wa Kiprotestanti waliofungwa pamoja nao waliishiriki furaha ile. Padre Leisner aliadhimisha Misa moja tu maishani mwake, akafa mwezi Agosti 1945. Mwaka 1996 alitangazwa mwenye heri. Nje ya seng'enge watu wale wangeweza kubishana mwaka mzima. Ndani yake walijua nani ni ndugu.

Na tusidhani kwamba swali hilo ni la Ulaya tu. Hapa kwetu, tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliingia alfajiri katika seminari ndogo ya Buta, kusini mwa Burundi. Waliwaamuru vijana wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Vijana wale walikataa kutengana. Waliuawa arobaini. Hakuna aliyewapa mada hiyo asubuhi ile. Walikuwa wameisikia katika Misa za kila siku, wakaijibu kwa mwili wao. Huko ndiko kula mkate mmoja kunakopeleka.

Makatekista wapenzi, maaskofu wa Afrika Mashariki walikwisha kuamua katika miaka ya 1970 kwamba Kanisa letu lijengwe juu ya jumuiya ndogo ndogo. Jumuiya ni ndogo ili kila mtu aonekane. Basi mtakapokutana wiki hii kusoma Injili, msiishie kuuliza somo linasema nini. Ulizeni pia nani hayupo. Yuko wapi yule binti aliyezaa bila ndoa, ambaye tangu siku ile hajapita mlangoni kwa kuogopa macho yetu? Yuko wapi kiziwi, ambaye kwake mahubiri yote ni midomo inayocheza? Yuko wapi mwenye ualbino, na yule anayeishi na virusi vya UKIMWI, ambaye watu humpa mkono wa amani kwa ncha za vidole? Yuko wapi mgeni wa kabila jingine, na mama aliyeolewa na Mwislamu au Mlutheri, anayeketi benchi la mwisho kana kwamba amekuja kuazima kiti? Sheria za Kanisa zipo, nami sisemi zivunjwe. Ila hakuna sheria ya Kanisa inayotukataza kumtembelea mtu, kumwita kwa jina lake, na kumwomba alete ua lake. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni ndiye atakayepona.

Tena angalieni neno hili. Kule Prague mtu hakurudi nyumbani na ua lake mwenyewe. Mara nyingi sisi tunakaribisha watu kwa sharti kwamba wao wapokee na sisi tutoe, wao wajifunze na sisi tufundishe. Mtume Paulo aliwaambia Wakorinto kwamba jicho haliwezi kuuambia mkono kuwa halina haja nao (1 Kor 12:21). Maskini anapokuja kanisani ana kitu cha kutupa. Kiziwi ana kitu cha kutupa. Hata yule aliyetuacha kwa hasira ana kitu cha kutupa, nacho ni sababu ya hasira yake, na heri yetu tukikubali kuibeba hadi nyumbani na kuitafakari. Mwaka 2020 nguzo ya Bikira Maria ilisimamishwa tena Prague. Mawe yanaweza kuinuliwa baada ya miaka mia moja. Mioyo iliyoondoka haikungoja. Ilikwenda kaburini ikiwa mbali nasi.

Ee Mungu Baba, uliyeyavika maua ya kondeni bila kulinganisha moja na jingine, utufundishe kuwapokea wenzetu kama unavyotupokea sisi. Uwarehemu wote waliouawa kwa kukataa kutenganishwa, nasi utupe moyo wa kuwatafuta wale ambao nafasi yao katika meza yako i tupu. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.